Mama, Mfundishe Mwanao Kuchanja Kuni kwa Kisu

Kila zinapokaribia likizo za Juni na Desemba, watoto wengi wa makanisa yetu hurudi nyumbani wakiwa na karatasi ya vitu vya kwenda navyo kambini. Blanketi, sahani, kikombe, tochi, Biblia, daftari, sabuni. Mama huisoma huku akihesabu vilivyomo ndani na vya kununua. Halafu, karibu na mwisho wa orodha, hukuta neno linalomfanya aiweke karatasi chini: kisu.

Wako akina mama ambao hulifuta neno hilo papo hapo. Wengine huchukua kisu cha kumenyea viazi, wakakiviringisha katika gazeti na kukitumbukiza kwenye mkoba wa mtoto bila kusema lolote. Kwa maoni yangu njia zote mbili hazifai, na ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Wazee walisema, mtoto akililia wembe mpe. Walikuwa na maana yao, kwamba mkaidi huachwa ajifunze kwa kukatwa. Lakini mama anayempeleka mwanawe porini kwa siku tano, mbali na hospitali, hawezi kuifuata methali hiyo. Afadhali tuchukue ile nyingine ya samaki kukunjwa angali mbichi. Kisu kifundishwe nyumbani, uani, mama akiwa karibu, kabla ya siku ya safari.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Ukifungua Mhubiri 10:9-10 utaona mwandishi akionya kwamba mwenye kuchanja kuni yumo hatarini kwa sababu ya hizo kuni, kisha akaongeza kwamba chuma kikiwa butu na mtu asikinoe, itambidi atumie nguvu nyingi zaidi. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa amesimama karibu na kuni, si kusikia habari zake tu. Na katika Kumbukumbu la Torati 19:5 imetajwa ajali ya shoka kuchomoka katika mpini na kumwua jirani wakati watu wawili wanakata kuni msituni. Ajali hiyo ilijulikana sana hata ikawekewa sheria.

KWA NINI KUNI ICHANJWE

Wengi wetu tumekulia katika kuokota kuni na kuzivunja kwa goti. Msimu wa kiangazi hilo latosha. Lakini kambi za Desemba huangukia mara nyingi katika mvua za vuli, na vilima vya Usambara, Uluguru au miteremko ya Kilimanjaro havingoji hata mvua, kwani ukungu peke yake hulowesha kila kitu. Hapo ndipo mtoto asiyejua kuchanja hukaa mbele ya mafiga akipuliza mpaka macho yakawa mekundu.

Siri ni kwamba kuni iliyolala mvuani huwa imelowa nje tu. Kipande cha tawi lililofia juu ya mti, lenye unene wa kifundo cha mkono, mara nyingi moyo wake ni mkavu hata baada ya siku mbili za mvua. Gamba ndilo linaloshika maji. Ukilipasua katikati unakutana na mti mweupe, mkavu, unaoshika moto kwa kiberiti kimoja.

Kuni mbichi ni habari nyingine. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Fikiri basi, mama uliyebeba mzigo wa kilo 20 kichwani, ya kwamba kilo 10 hivi huenda zilikuwa ni maji. Ukuni uliokauka vizuri hubaki na maji chini ya asilimia 20. Maji yale hayana budi kutoka kabla mti haujawaka, na kuyatoa ni kazi kubwa: kuligeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji joto zaidi ya mara tano ya lile lililoyafikisha kuchemka. Joto hilo lilikuwa liivishe maharage. Badala yake linakausha kuni, na kinachobaki ni moshi.

Moshi huo tusiuchukulie kuwa ni kero ya macho tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati ya hao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Ndiyo sababu serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ukiwa na lengo kwamba asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Msomaji mwenye jiko la gesi aweza kuuliza, basi kuni za nini tena? Za kambini, na za nyumbani siku mtungi unapokwisha usiku wa Jumamosi. Na hata kule ambako kuni zitaendelea kuwa chakula cha mafiga kwa miaka kadhaa, zilizochanjwa na kukaushwa hutoa moshi mdogo kuliko magogo mabichi.

KISU CHENYEWE

Kisu cha kuchanjia kuni ni kile kisichokunjwa. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu visu vya kukunja ndivyo vinavyouzwa sana, tena vinapendeza, vina mikasi na kifungulia kopo. Ukikigonga kisu cha kukunja juu ya ukuni, kile kiungio chake hulegea au huvunjika, na bapa hujifunga juu ya vidole vilivyoshika mpini. Kinafaa kumenyea chungwa, basi.

Kisu cha jikoni nacho hakifai. Bapa lake ni jembamba, limetengenezwa kwa nyama na vitunguu, na likipigwa juu ya kifundo cha mti humeguka. Tafuta kisu ambacho chuma cha bapa kinaendelea ndani ya mpini mpaka mwisho wake. Utakijua kwa kuutazama mpini ubavuni: chuma kinaonekana katikati ya vipande viwili vya mti au plastiki vilivyoshikwa na misumari. Mgongo wake uwe na unene wa milimita 3 hadi 5, na urefu wa bapa uwe sentimita 10 hadi 12. Kiwe na ala yake ya ngozi au plastiki ngumu, isiyotoboka. Sokoni wapo wahunzi wanaofua visu kwa springi za magari. Baadhi ya visu hivyo ni imara kuliko vya dukani vinavyong'aa, na bei yake hailingani, ila kague mpini kama hauchezi.

Nanyi mnaouliza habari za panga, mna haki. Panga ni kisu kisichokunjwa pia, tena kwa kuni naliona bora kuliko kisu, kwa kuwa ni refu na ncha yake hubaki nje ya ukuni. Hatari yake ni mazoea yetu ya kulirusha juu na kulishusha kwa nguvu huku mkono mwingine umeshika kuni. Mtoto asifundishwe hivyo. Panga nalo lipigwe kwa gongo, kwa namna nitakayoeleza.

NAMNA YA KUCHANJA

Kwanza mahali. Atafute kigogo kipana au kisiki cha kuwekea kuni, kwa sababu juu ya udongo ukuni huzama na juu ya jiwe makali huharibika. Apige magoti mbele ya kigogo hicho, kigogo kiwe mbele ya magoti yake. Asikae na kukiweka katikati ya mapaja. Ndani ya paja, kuanzia goti hadi kinena, umepita mshipa mkubwa wa damu, na kisu kinachoteleza huelekea huko huko. Kisha, kikiwa bado ndani ya ala, anyooshe mkono ulioshika kisu na kujizungusha. Yeyote ambaye kisu kingemfikia yuko karibu mno. Skauti wamekuwa wakifundishana kanuni hii vizazi na vizazi. Mwanzilishi wao Baden-Powell, aliyefanya kambi yake ya kwanza ya majaribio huko Uingereza mwaka 1907, amezikwa Nyeri nchini Kenya, alikofariki Januari 1941, hivyo mafunzo haya yana kaburi hapa hapa kwetu.

Sasa kuni. Achague kipande kilichonyooka, kirefu kama kutoka kiwiko mpaka kifundo cha mkono, chenye unene usiozidi sentimita 7. Akitazame pande zote kama kina vifundo mahali matawi yalipoota. Kifundo hukataa kupasuka, nacho hukamata kisu. Kipande chenye vifundo vingi na awachie wapishi wakitie kizima moto ukishakolea.

Akisimamishe kile kipande juu ya kigogo, aweke makali ya kisu juu ya kichwa chake, yakiwa yamelala kukatiza. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kuanzia katikati. Ukuni mnene uanzwe pembeni, uchunwe vipande vyembamba kuzunguka, kama mtu anayemenya muwa, na moyo wake upasuliwe mwisho. Ncha ya kisu itokeze upande wa pili kwa sentimita 3 au 4.

Kwa mkono wa pili achukue gongo, yaani kipande cha mti mzito chenye unene wa kifundo cha mkono. Lisiwe jiwe, wala nyundo ya chuma, maana chuma juu ya chuma hurusha vipande, na jicho halina la akiba. Agonge mgongo wa kisu polepole mpaka makali yazame. Yakishazama, agonge ile ncha iliyotokeza, huku mkono wa mpini ukiubana chini kidogo kuliko ncha, ili kisu kishuke sawasawa. Ukuni utalia, utapasuka kwa kufuata nyuzi zake. Kisu kinafanya kazi ya kabari tu, hakikati. Mtoto akilielewa hilo ataacha kutumia nguvu.

Mkono ulioshika mpini ukae hapo. Usiende kushikilia ukuni chini ya kisu, hata mara moja, hata kama ukuni unayumba. Ukiyumba, auchimbie kidogo katika udongo laini, au aulaze na kuuegemeza kwenye gogo.

Kisu kikikwama asikipinde huku na huku, kwa kuwa kupinda ndiko kunakovunja bapa. Agonge ukuni wenyewe kutoka chini, au achonge kabari ndogo ya mti na kuigongomea katika ufa. Kwa kweli mtoto wa miaka kumi hivi aweza kuanza kwa kabari peke yake: kisu kinafungua ufa, kinatolewa na kurudishwa alani, kisha kabari ya mti na gongo humaliza kazi. Ni polepole, lakini hakuna makali yanayopigwa.

Panga nalo latumika vivyo hivyo. Kwa kuni nyembamba iko njia nyepesi zaidi: shika panga na ukuni pamoja, makali yakiwa yamekaa juu ya kichwa cha ukuni, uvigonge vyote viwili kwa pamoja juu ya kigogo mpaka makali yaume, ndipo uuachie ukuni, mkono huo uchukue gongo.

MSICHANA NA MVULANA

Hapa tuseme wazi. Katika nyumba nyingi msichana hutumwa kuni tangu akiwa na miaka saba, lakini kisu cha kazi hununuliwa kaka yake. Mvulana naye hukua akiamini kwamba kuwasha mafiga ni kazi ya dada. Wakifika kambini, mmoja anajua moto bila kisu, mwingine ana kisu bila moto, na wote wawili wanalala na uji usioiva. Ibrahimu, pamoja na watumishi wake wote, alichanja kuni kwa mikono yake asubuhi ile ya Mwanzo 22, na Isaka ndiye aliyezibeba. Mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme 17 alikutwa akiokota kuni kwa chakula ambacho alidhani ni cha mwisho. Sioni mahali palipoandikwa kwamba kazi hii ina jinsia.

Baba akiwapo nyumbani, mwombe awe mwalimu wa Jumapili mbili alasiri. Wababa wengi hufurahi kuombwa. Asipokuwapo, au wewe ni mjane, fanya mwenyewe. Huhitaji misuli. Huko Sweden na Finland wapo watoto wadogo wa shule za awali wanaofundishwa kuchonga vijiti wakiwa wamekaa na mwalimu. Tofauti yao na wetu ni kukaa na mwalimu.

MOTO NA MITI

Ukuni mmoja ulionyooka ukichanjwa mara tatu au nne hutoa vijiti vya unene wa kidole, na hivyo tena hutoa vya unene wa penseli. Kijiti kikavu chachongwa kwa kisu kinachotelezeshwa kwenda mbele, mbali na mwili, kikaota vinyoleo vilivyojikunja kama nywele, bila kukatika. Vinyoleo vitatu vya namna hiyo, vijiti vya penseli juu yake, na kiberiti. Mtoto anayeweza haya hana haja ya mafuta ya taa, na hilo peke yake latosha kunifanya nimnunulie kisu. Petroli au mafuta yakimwagwa juu ya kuni zinazofuka moshi, moto hurudi kwa aliyeshika chupa. Mama, liseme hili kwa mwanao mara nyingi kuliko yote niliyoandika. Mwenye kuungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe hospitali.

Miti nayo ijulikane. Msonobari na mwangati hupasuka kwa urahisi, nyuzi zake zimenyooka. Mpingo na migunga mingi ni migumu mno kwa kisu. Mnyaa usikatwe wala kuchomwa, kwa sababu utomvu wake mweupe ukiingia machoni waweza kuharibu uwezo wa kuona. Oleanda, ule mmea wa maua mekundu au meupe unaopandwa kando ya barabara, una sumu kila sehemu yake, hata moshi, na vijiti vyake visichomee nyama. Kila tawi lililolala ligeuzwe kwa fimbo kabla ya kushikwa, maana Paulo alikuwa amekusanya kuni kisiwani Melita na kuziweka motoni, nyoka alipotoka humo akamshika mkononi (Matendo 28). Tena wasikate mti mbichi bila ruhusa ya mwenye shamba au msitu. Mlimani Kilimanjaro, kwa mfano, wapandaji hawaruhusiwi kupikia kuni ndani ya hifadhi.

AKIKATIKA

Pamoja na yote hayo, vidole vitakatika. Jeraha lisafishwe kwa maji safi na sabuni, kisha kitambaa safi kibanwe juu yake kwa nguvu dakika kumi bila kufunuafunua, mkono ukiwa umeinuliwa. Damu ikiruka kama inayopigwa pampu, au jeraha likiachama, au kidole kikakosa hisia, libaneni hivyo hivyo na safari ya hospitali ianze mara moja. Majivu, udongo, majani ya chai na samadi visiguse jeraha. Humo ndimo hukaa vijidudu vya pepopunda. Kabla ya kambi chukua kadi ya kliniki ya mtoto uangalie chanjo yake ya pepopunda, na kama huna uhakika, muulize mganga wa zahanati.

Kisu butu hukata mikono kuliko kikali, kwa kuwa hulazimishwa, nacho huteleza. Kinolewe kwa kinoo chenye maji kabla ya safari, pande zote mbili sawasawa. Mjaribishe mtoto uani: akichanja vipande vitano bila kuondoa macho kazini na bila kuacha kisu nje ya ala anapoitwa, yuko tayari. Asipoweza, aende kambini bila kisu mwaka huu, na kiongozi wake aambiwe hivyo.

Siku ya safari kisu kikae chini kabisa ya mkoba, ndani ya ala, ala imefungwa kwa kamba. Wakifika, kikabidhiwe kwa kiongozi wa kambi mpaka saa ya kazi. Atakaporudi nyumbani, akioshe, akikaushe, akipake mafuta kidogo ya kupikia ili kisishike kutu. Ala ya ngozi na isihifadhiwe na kisu ndani yake, maana ngozi hunyonya unyevu. Kisu kiwekwe juu ya kabati, mbali na wadogo zake, na ala itundikwe kwenye msumari.